Mfyeka Nyasi na Barua ya Siri

Tukuyu nyasi hazina likizo. Ukianza kufyeka Jumatatu langoni, ukafika nyuma kwenye tangi la maji Alhamisi, za langoni zimeshafika kwenye vifundo vya miguu, zinakusubiri. Mvua hainyeshi ikamaliza. Inapumzika kidogo, ukungu unashika zamu, kisha inarudi. Wenye ofisi wanalalamika. Mimi sikulalamika, kwa sababu kwa miezi kadhaa nyasi hizo ndizo zilizonilisha.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Ni ya serikali, ina veranda ndefu yenye sakafu nyekundu ya kung'arishwa, na wakati huo mfyekaji wake alikuwa ameumia mgongo. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Makambako, ambako nilipakia mbao. Kabla ya mbao nilikuwa Tunduma nikibeba mizigo ya watu mpakani, na kabla ya Tunduma nilikuwa Chunya, na kabla ya Chunya lazima nikae chini ndipo nikumbuke. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala nyumbani Suma hawakushindwa kuninunulia sare. Nilichoka tu kumsikia mwalimu akisimulia mahali bila kunipeleka. Kusoma, hata hivyo, sikuacha. Nasoma chochote kinachosomeka: tangazo la mnada, maelezo ya nyuma ya mfuko wa mbolea, karatasi ya dawa mpaka kwenye madhara yake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nilishasoma milango yote ya ofisi ile. Wa mwisho ulikuwa na geti la nondo, makufuli mawili na kibao: MASJALA YA SIRI. HAIRUHUSIWI KUINGIA. Ukitaka kunitesa polepole, nipe kazi nje ya mlango wenye maneno hayo.

Mtunza masjala alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka michache, mwembamba, sweta ya kijivu mwaka mzima, funguo shingoni. Wote walimwita Mama Masjala, hata mkuu wa ofisi. Mimi nilimwita dada. Nilikuwa nikifyeka chini ya dirisha lake kuliko mahali pengine popote, na nadhani alilitambua hilo.

"Dada, humo ndani mna nini?"

"Karatasi."

"Za nini?"

"Za siri."

"Siri za namna gani?"

"Za namna ambayo mfyeka nyasi akiuliza, namwambia nyasi za upande ule bado ndefu."

Lakini kama hukuuliza siri, ukauliza taratibu za kuitunza, alifunguka kama redio. Alipenda kazi yake, na nafikiri kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyewahi kumwuliza inafanywaje. Alinieleza kwamba barua ya siri huvaa bahasha mbili, ya ndani ina muhuri na lakiri, ya nje haisemi kitu. Alinieleza kwamba hutoka mkono kwa mkono, na kila mkono huandikwa kwenye daftari, na mtu ambaye hajapekuliwa, yaani maisha yake hayajachunguzwa, wala hajala kiapo, haigusi. Na alinieleza jambo moja ambalo nililibeba siku nzima huku nikifyeka. Mtumishi akijua kwamba siri imepita kwenye mikono isiyostahili, lazima atoe taarifa mara moja. Na mkuu wake akishapewa taarifa, hana hiari: lazima achunguze, kisha naye apeleke taarifa juu.

"Hata kama aliyekosea ni wewe mwenyewe?"

"Hata kama ni mimi."

"Yaani ujishtaki?"

"Sijishtaki. Natoa taarifa."

"Tofauti iko wapi?"

Alifikiri kidogo. "Anayejishtaki analia. Anayetoa taarifa anaandika."

Nilicheka mpaka nikaweka fyekeo chini. Yeye hakucheka sana. Jalada likiwa na karatasi arobaini, kwake zilikuwa arobaini na zilikuwa kwa mpangilio. Mumewe alikuwa amepanda parachichi ambazo bado zilikuwa zinakua, na watoto watatu walikuwa wanasomeshwa na mshahara ule. Hakuwa na mahali pa kukosea.

Jumanne moja tarishi hakuja. Alikuwa amefiwa na shangazi yake, na alikwenda msibani, na msiba wa Kinyakyusa huendi asubuhi ukarudi mchana. Kwenye meza ya Mama Masjala kulikuwa na bahasha ya kwenda kwa mtendaji wa kata moja ya juu huko, njia ya Ikuti. Mkuu alimpigia simu mtendaji aje aichukue mwenyewe.

Na mtendaji huyo alikuwa baba mkwe wa Mama Masjala.

Asiyetoka huku anaweza kusema, basi vizuri, ni ndugu. Lakini kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkononi, hawaitani majina. Mkamwana akikutana naye njiani huchepuka, huinama, hugeuza uso mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima, na wapo wanaosema ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Mjini wengi wameacha. Nyumba ile haikuwa imeacha. Kwa miaka yote ya ndoa, barua za mzee zilikuwa zinabebwa na tarishi, na hakuna aliyewahi kuona kwamba pale palikuwa na shimo, kwa kuwa tarishi alikuwa amesimama juu yake.

Nilikuwa chini ya dirisha nikinoa fyekeo kwa tupa. Niliona mzee anashuka kwenye pikipiki langoni, koti refu, kofia ya sufu, viatu vya mpira vina matope mpaka juu. Watumishi wengine walikuwa kikaoni kwa mkuu. Nikasikia kiti cha masjala kinasogezwa kwa haraka. Kisha nondo za dirisha zikagongwa.

"Wewe kaka! Njoo upesi."

Nilipofika getini alikuwa ameshajifunika kitenge kichwani na kuipa mgongo veranda. Akanisukumia bahasha na daftari kupitia kwenye nondo bila kunitazama.

"Mpelekee yule baba kule mwisho wa veranda. Aandike saini hapa, kwenye mstari huu. Usikae. Usiguse kitu kingine."

"Dada, mimi si nimeambiwa mtu asiye..."

"Nenda!"

Nikaenda. Ni hatua ishirini na kitu. Nimevuka mpaka wa nchi na magunia ya watu, lakini sijawahi kuhesabu hatua kama nilivyozihesabu zile ishirini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Akaandika saini palepale nilipoonyesha, kubwa, imevuka mstari. Halafu badala ya kwenda zake akapasua bahasha ya nje, akavunja lakiri ya ndani, akafungua barua, akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaileta tena. Akajipapasa mifukoni.

"Miwani nimeacha juu ya redio," alisema. Akatazama upande wa masjala, akageuza macho haraka. Akanitazama mimi. "Umesoma?"

"Darasa la sita, baba."

"Inatosha. Nisomee. Taratibu."

Hapa ningeweza kusema kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango ule wiki kadhaa, halafu mlango ukaja wenyewe mkononi mwangu. Nilimsomea kwa sauti ya chini barua fupi iliyosema kwamba Ijumaa mkubwa mmoja kutoka mkoani atafanya ziara ya kushtukiza kwenye kata yake, ili aone hali ilivyo bila mapambo, na kwamba mtendaji awepo kituoni lakini asimwambie mtu wala asifanye maandalizi yoyote.

"Rudia hapo pa maandalizi," alisema mzee.

Nikarudia.

"Haya. Ndaga, mwanangu." Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akaondoka.

Nilirudisha daftari. Sikumwambia Mama Masjala kwamba barua ilisomwa na mimi, na yeye hakuuliza. Siku tatu zilizofuata niliteseka. Siri ya serikali ikiingia kwa mtu kama mimi ni kama jino bovu: ulimi hauachi kulirudia. Kwa mama ntilie sokoni nilikula ndizi kimya mpaka akaniuliza kama naumwa. Lakini sikusema. Naliandika hili kwa fahari, maana sijashinda mashindano mengi.

Ijumaa asubuhi nikaomba ruhusa, nikapanda gari lililokuwa linakwenda kupakia ndizi, nikaenda kuona. Nani angebaki?

Kilomita moja kabla ya ofisi ya kata mawe ya kando ya barabara yalianza kuwa meupe. Yalikuwa yamepakwa chokaa moja baada ya jingine, yakametameta kwenye ukungu kama meno. Barabara ilikuwa imefagiwa, ya vumbi lakini imefagiwa. Mbele ya ofisi palikuwa na turubai, viti vimevishwa vitambaa, watoto wa shule wamepangwa kwa urefu, na kikundi cha akina mama cha kitenge kimoja, ngoma zimeshaota moto.

Gari la mkubwa liliingia kwa kasi ya kushtukiza. Likapunguza. Likasimama. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mkubwa alishuka, akatazama turubai, akatazama mawe, akaangalia mawe tena. "Mimi nimekuja bila taarifa," alisema.

"Karibu sana, tata!" wakaitikia, yaani baba.

"Na hizi ngoma?"

Mama mmoja mnene aliyeshika filimbi akapiga goti kidogo kwa adabu. "Tulikuwa tunafanya mazoezi tu."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukupokea."

Watu walicheka, hata dereva wa mkubwa alicheka akaangalia pembeni. Mkubwa hakucheka. Alikunywa maziwa aliyopewa, akakagua alichoweza kukagua, na kabla ya saa sita alikuwa ameshaondoka. Mchana ule ule simu iliita kwa mkuu wetu Tukuyu, na neno lilikuwa moja: barua ya siri imevuja, nani kaivujisha?

Jumapili nzima nilifikiri. Nilijua ninavyoonekana. Ofisi nzima wanakula kiapo, halafu kuna mzururaji mmoja anayeuliza maswali kila siku dirishani. Hilo halikunisumbua sana. Mimi nikifukuzwa mahali, huwa nimeshaanza kufunga begi. Lililonisumbua ni kwamba aliyenipa bahasha ile ni yeye. Jumatatu nilimkuta amefika kabla ya wote, ameketi mbele ya karatasi tupu.

"Dada, nina jambo. Ile barua niliisoma. Mzee hakuwa na miwani, akanipa nimsomee. Lakini sikumwambia mtu, wallahi, hata mama ntilie."

Aliweka kalamu chini taratibu.

"Kwa nini umeniambia?"

"Nilitaka ujue."

"Sasa najua." Akafumba macho. "Mwanzo nilikuwa najua kwamba umeibeba. Wikiendi yote nilikuwa najiuliza kama kubeba ni kugusa au ni kufikisha. Sasa umeisoma. Hapo hakuna cha kujiuliza."

"Basi nisikilize. Mimi naondoka leo. Kesho niko Kyela kwenye mpunga. Mkisema kuna kibarua aliichungulia mezani akakimbia, nani atanitafuta? Wewe unabaki, na watoto wanabaki shule."

Nadhani kwa dakika moja hivi alilipima. Nje mvua ilikuwa imeanza tena kwenye bati.

"Halafu mimi nitakuwa nimeacha masjala na uongo ndani yake," alisema. "Nitakuwa naufungia kila jioni kwa makufuli mawili. Hapana. Kaa pale kwenye benchi. Utaniambia uliisoma saa ngapi."

Akaandika. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wake ulionyooka, kwamba yeye alimkabidhi mtu asiyepekuliwa barua yenye muhuri wa siri, na sababu yake. Pale pa jina la mzee aliandika cheo tu. Akaipeleka kwa mkuu. Mkuu, nilivyosikia, aliisoma amesimama, akakaa, akamwuliza kama ana hakika anataka kuitoa. Alimjibu kwamba ameshaitoa.

Kamati ilikuja wiki iliyofuata. Watu watatu, na mwenyekiti wao alitoka mkoani, mtu wa pwani kwa kuzaliwa, mpole, mwenye Kiswahili kizuri mpaka unaona haya kumjibu, na skafu mbili kwa ajili ya baridi yetu. Tangu asubuhi habari zilizozunguka verandani zilikuwa moja: Mama Masjala anatolewa, swali ni kama atahamishwa au atafukuzwa kabisa. Yeye alikuja na kitenge kipya na majalada yote yamepangwa tayari kwa kumkabidhi mwingine. Mimi niliwekwa kwenye benchi nje ya mlango.

Mwenyekiti aliita mashahidi wawili kwa pamoja, ili kila mmoja amsikie mwenzake. Mzee akafika mlangoni. Akamwona mkamwana wake ndani, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Ndani nikasikia kiti kimeanguka. Mama Masjala alikuwa amegeukia ukutani, kitenge kimefunika kichwa chote.

"Vipi tena?" alisema mwenyekiti. "Mna ugomvi?"

"Hapana," wakasema wote wawili, mmoja ukutani, mwingine verandani.

"Basi bibi, geuka umwambie shahidi ulilotuambia."

"Siwezi, mwenyekiti."

"Huwezi ama hutaki?"

"Ni mkwe wangu."

"Mimi ninao wakwe. Siku ya Idi nakula nao sinia moja."

Mjumbe mmoja, mtu wa hukuhuku, akamsogelea kumwelewesha. Alimweleza kwa dakika tano. Nilimsikia mwenyekiti akisema "hata jina?" na baadaye "hata kikombe cha chai?" Mwishowe akashusha pumzi. Akaamua mzee akae verandani upande wa dirisha, mama abaki ndani upande wa ukuta, na kwa kuwa hawasemezani, maswali yapite kwa mtu wa katikati. Akatazama kulia na kushoto. Tarishi alikuwa ndiyo kwanza amerudi msibani, na siku hiyo alikuwa ametumwa posta. Macho yakaniangukia.

"Wewe kijana, simama hapa mlangoni."

Basi nikawa napeleka maneno. Mwenyekiti aliuliza, mimi nikatoka hatua nne, nikauliza, nikarudi hatua nne. Wenyewe walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini hilo hakuna aliyelisema.

"Mwulize alimwambia nani habari za barua."

"Sikumwambia mtu," alisema mzee. "Hata mke wangu. Alidhani nina mwanamke nje, nilivyonyamaza."

"Mawe yalipakwa chokaa na nani?"

"Na mimi."

"Lini?"

"Jumatano. Na Alhamisi, yalikuwa mengi."

"Barua haikusema asifanye maandalizi?"

Mzee alikasirika kidogo. "Mwambie kupaka chokaa si maandalizi. Ni usafi. Kila akija mgeni mkubwa nafanya usafi."

Mwenyekiti akaniambia nimwulize kama alipokwenda kununua chokaa kuna mtu alimwuliza lolote.

"Mwenye duka aliniuliza, mgeni wa wapi safari hii? Nikamwambia hakuna mgeni. Akasema haya, hakuna mgeni, nikuwekee mifuko mingapi? Nikamwambia sita. Akasema, kumbe mkubwa hasa."

Mjumbe wa hukuhuku aliinamia karatasi zake, mabega yanatikisika. Ndivyo siri ilivyotoka: kwenye brashi ya mtu ambaye hakufungua mdomo. Kata nzima ilikuwa inamsoma mtendaji wao bila miwani.

Lakini kosa la Mama Masjala lilikuwa halijaondoka. Barua ilikuwa imepita kwangu, niwe nilisema au sikusema. Mwenyekiti mwenyewe alilisema hilo kwa sauti ya huruma, kwamba kamati imeona jinsi habari zilivyotoka, lakini utunzaji wa siri haupimwi kwa bahati, na mtunza masjala ndiye ufunguo, na ufunguo ukishamwendea mtu asiyestahili mara moja, ofisi inaulizwa kwa nini bado unatumika. Nilimwona dada yule, mgongo wake tu, ukinyooka kama anayepokea gunia.

"Tumalizie," alisema mwenyekiti. Akafungua jalada, akatoa barua yenyewe, ile ile, mikunjo minne bado inaonekana, muhuri mwekundu juu na chini. "Kijana, mpelekee mzee aitambue kama ndiyo aliyoipokea."

Nikaipokea. Nikatoka nayo. Mzee safari hii alikuwa na miwani. Akaisoma yote, ya mwanzo mpaka mwisho, akasema ndiyo hiyo, na kwamba kwa kweli siku ile nilikuwa nimemsomea vizuri sana. Nikarudi nayo, nikaiweka mezani.

"Mwenyekiti," alisema Mama Masjala akiwa bado ameelekea ukutani, "naomba kusema neno."

"Sema, bibi."

"Barua hiyo bado haijaondolewa siri. Muhuri wake ni halali."

"Naam."

"Umempa mtu asiyepekuliwa."

Nilitazama mikono yangu. Wajumbe wakatazama mikono yangu. Mwenyekiti akatazama wa kwake, ule aliotolea.

"Sisemi kwa ubaya," aliendelea, sauti ileile aliyokuwa akinieleza nayo habari za bahasha mbili. "Lakini taratibu zinasema anayejua atoe taarifa mara moja. Mimi sikuona, nimeelekea ukutani, ila nimesikia. Ninyi watatu mmeona. Kwa hiyo tuko wanne wenye wajibu."

Verandani mzee aliguna, na kwa mara ya kwanza, bila mtu wa katikati, akasema peke yake kwa Kinyakyusa jambo ambalo Kiswahili chake kingekuwa, kweli kabisa. Alisema akitazama mlima.

Mwenyekiti alianza kucheka taratibu, skafu zikatikisika, kisha akashindwa kujizuia, akavua miwani akajifuta macho. "Nimesimamia mambo haya miaka na miaka," alisema. "Nimekuja hapa kumwuliza mtu kwa nini alifanya jambo, nimekaa mahali pake saa moja tu, nimelifanya vilevile." Lakini hakuishia kwenye kucheka, na kwa hilo nilimpenda. Alivuta karatasi akaandika mwenyewe, mbele ya wote, kwamba leo saa fulani yeye amefanya hivi. Akamwuliza Mama Masjala anukuu kifungu gani. Alimtajia bila kufungua kitabu.

Uamuzi ulichukua majuma matatu kushuka. Katika majuma hayo nyasi zilikosa utulivu, maana nilifyeka hata pasipokuwa na nyasi. Barua ilipokuja mkuu alimwita Mama Masjala ndani, na alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye geti lake la nondo, akalifungua, akaingia, akaketi kwenye kiti chake kilekile. Amepewa onyo la maandishi. Anabaki. Mzee naye alipewa onyo, na agizo la kutogusa chokaa bila kibali. Na kwa kuwa ofisi sasa inajua kwamba kati ya masjala na kata ile lazima awepo mtu wa katikati siku ambayo tarishi hayupo, mtu huyo apekuliwe na aapishwe. Na jina la mtu huyo mkuu alikuwa ameshaliandika.

"Mimi?" nilisema.

"Umeshasoma barua moja," alisema Mama Masjala. "Itakuwa gharama kumtafuta mwingine. Kaa."

Alikuwa na fomu ya upekuzi mbele yake, na safari hii alifungua geti, akaniwekea kiti upande wa nje wa meza, mahali ambapo sikuweza kuona kabati lolote. Hata siku hiyo hakujisahau. Tulianza na jina, na mahali pa kuzaliwa, Suma, na elimu, darasa la sita. Halafu tukafika kwenye mahali ulipoishi kwa miaka kumi iliyopita, miezi, na sababu ya kuondoka. Fomu ilikuwa na mistari minne. Kufika Chunya ilikuwa imeisha.

"Endelea," alisema, akachukua karatasi ndefu, akaiwekea mistari kwa rula.

"Pale Chunya sababu weka kazi iliisha."

"Iliisha?"

"Haikuisha sana."

"Basi andika kweli. Hii inakwenda juu, na itasomwa."

Nikafikiri. "Nilisikia Tunduma kuna barabara ya kwenda nchi tatu, nikataka kuiona."

Hakucheka. Aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa mwandiko ulionyooka. Kisha akauliza habari za Tunduma. Kabla hatujafika Makambako alikuwa ameshainuka kuongeza karatasi ya pili, na akina dada wa uhasibu walikuwa wamesimama getini, upande unaoruhusiwa, wanasikiliza na kunizomea kila nilipojaribu kuficha kitu.

"Makambako je?" aliuliza. "Kwa nini uliondoka?"

"Mbao zilikuwa nzito."

"Na hii naiandika," alisema Mama Masjala, na akachovya muhuri kwenye wino tayari kwa ukurasa.